Hita ya gari la dizeli kwenye safari fupi: kwa nini inachelewa, na ufanye nini

Kila msimu wa baridi ukiingia, lalamiko linalonifikia gereji ni lile lile. Gari ni la dizeli, linavuta vizuri, mafuta linakula kwa adabu, ila hita yake haifai kitu: dereva anaendesha na glavu mkononi, na hewa ya moto inaanza kutoka pale anapotafuta pa kuegesha. Kabla sijafungua boneti huwa nauliza kitu kimoja tu: nyumbani hadi kazini ni umbali gani? Nikijibiwa kilomita tatu, nne au tano, nashuku kwamba gari ni zima na tatizo ni safari yenyewe. Nashuku tu, maana thamostati (kilango kinachodhibiti joto la maji ya injini) ikiwa mbovu nayo huleta dalili hizo hizo, na mtu aliyezoea kuambiwa "dizeli ndivyo zilivyo" anaweza kukaa na thamostati iliyokufa kwa miaka.

Hita haina moto wake

Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo, ukubwa wake hauzidi kitabu kinene. Maji ya injini hupita ndani yake (nasema maji, lakini ni mchanganyiko wa maji na antifrizi, dawa ya kuzuia maji yasigande), feni hupuliza hewa katikati ya mapezi yake, na hewa hiyo ndiyo inayokufikia usoni. Basi. Mafuta hayachomwi kwa ajili ya kukupasha wewe. Unapewa joto ambalo injini imeshindwa kuligeuza kuwa mwendo. Kadiri injini inavyojua kazi yake, ndivyo wewe unavyobaki na baridi.

Na dizeli inaijua kazi yake tangu zamani. Mwaka 1897, huko Augsburg, Ujerumani, injini ya Rudolf Diesel ilipimwa ikaonekana inageuza asilimia 26 hivi ya nishati ya mafuta kuwa kazi, wakati injini za mvuke za enzi hizo zilikuwa zikihangaika karibu na asilimia 10. Dizeli za magari madogo ya leo hufika asilimia 40 zikiwa kwenye mzigo unaozifaa.

Chanzo kikubwa cha ubaridi, kwa maoni yangu, ni hewa. Injini ya petroli ina kilango kinachobana hewa: ukiendesha taratibu inaingiza hewa kidogo na mafuta kidogo, na uwiano unabaki karibu na kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Dizeli kwa kawaida haibani hivyo. Silinda inajaa hewa kila mara, na kinachopunguzwa ni mafuta. Gari likinguruma limesimama, uwiano unaweza kupita kilo 50 za hewa kwa kilo moja ya dizeli. Huo ni moto mdogo sana ndani ya hewa nyingi sana. Hewa inapata uvuguvugu, haiwezi kupasha kuta za silinda sawasawa, halafu inatoka nje kwa sailensa.

Jingine ni kompresheni, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda kabla ya kuwaka. Petroli nyingi zinabana mara 10 hivi, dizeli mara 16 na wakati mwingine zaidi. Gesi iliyobanwa sana ikiwaka hutanuka sana pia, na kadiri inavyotanuka ikisukuma pistoni ndivyo inavyopoa. Ndiyo maana moshi wa dizeli isiyo na mzigo hutoka na joto dogo mno ukilinganisha na wa petroli. Tena petroli ya kisasa, ikiwashwa baridi, kompyuta yake huchelewesha cheche makusudi ili kuipasha katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kilichoko kwenye njia yake. Yaani kwa dakika ya kwanza au mbili inapoteza mafuta kwa hiari, na silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) inafaidika. Dizeli nazo siku hizi zina mbinu zinazofanana, lakini hazifui dafu mbele ya petroli kwa hilo.

Mwisho ni uzito. Injini inayostahimili kompresheni kubwa hutengenezwa nene, na chuma chote hicho lazima kipate moto kabla yako.

Wenye dizeli za miaka ya 1980 huwa wananibishia hapa: mbona hita zao zilikuwa kali? Wana hoja. Zile zilikuwa na chemba ndogo ya awali kwenye silinda hedi. Mafuta yalianza kuwaka humo, gesi ikapita kwa nguvu kwenye tundu jembamba, na joto jingi likaishia kwenye chuma na maji. Ulikuwa upotevu, na abiria ndio walioufaidi. Dizeli za kunyunyiza moja kwa moja ndani ya silinda zilipoenea, Audi 100 TDI ya 1989 ikiwa mojawapo ya zile zilizofungua njia, upotevu ule ukapungua na watengenezaji wakajikuta wanalazimika kufunga hita za ziada. Hizo nitazifikia.

Hesabu ya kilomita nne

Ninayo hesabu ninayopenda kuwaandikia wateja nyuma ya risiti. Ni ya makadirio, lakini inaeleza jambo kuliko maneno.

Chukua injini ya dizeli ya lita mbili. Chuma kinachotakiwa kupashwa, tuseme kilo 100. Maji na antifrizi, lita 7. Oili, lita 5. Vyote kwa pamoja vinahitaji karibu kilojuli 80 ili kupanda nyuzi moja ya Selsiasi. Kutoka nyuzi sifuri hadi 85, ambako injini inajisikia iko nyumbani, ni kilojuli 6,800.

Sasa iwashe uiache ingurume uwanjani. Itachoma kama nusu lita kwa saa. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi, kwa hiyo nusu lita kwa saa ni sawa na kilowati 5. Theluthi yake, tukiwa wakarimu, ndiyo inayoingia kwenye maji: kilowati 1.7. Gawanya 6,800 kwa 1.7, unapata sekunde 4,000, yaani zaidi ya saa nzima, na hapo sijatoa joto linaloibwa na upepo. Anayeiacha dizeli ikinguruma dakika kumi "ipate moto" amepata kelele na moshi, na pengine faini pia, kwa sababu nchi nyingi zimekataza kunguruma bure.

Iendeshe. Kwa kilomita 40 kwa saa, ikila lita 6 kwa kilomita 100, inachoma lita 2.4 kwa saa, sawa na kilowati 24. Theluthi yake ni 8. Sasa safari ya kufika nyuzi 85 ni dakika 14, umbali wa kilomita tisa na ushee. Hita huanza kuwa na maana maji yakifika nyuzi 50 hivi: hapo ni dakika 8 na kilomita tano na nusu.

Ukiona kwako hadi kazini ni kilomita nne, umeshapata jibu. Na kumbuka hesabu hii imeanzia nyuzi sifuri na hujawasha feni. Ukianza na baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri na feni ikawa mwisho tangu unapotoka getini, ikichota kilowati 3 kati ya zile 8, mambo yanazidi kusogea mbali.

Kabla ya kulaumu dizeli, ikague

Anza na maji, injini ikiwa baridi kabisa. Usifungue kifuniko cha tangi la maji gari likiwa moto. Ndani kuna shinikizo, na maji yakiruka yanaunguza vibaya. Kiwango kikiwa chini ya alama, hewa huenda imeingia kwenye rejeta ndogo ya hita, ambayo mara nyingi iko juu kuliko sehemu nyingine za mzunguko. Dalili yake ni sauti ya maji kububujika nyuma ya dashibodi unapokanyaga mafuta, na hita inayokuja na kuondoka. Ongeza aina ile ile ya antifrizi iliyomo, itoe hewa kwa utaratibu wa kitabu cha gari, kisha tafuta maji yalikokwenda. Hayatoweki yenyewe. Yakimwagika chini, yafute: antifrizi nyingi zina ladha tamu na ni sumu kwa watoto, mbwa na paka.

Halafu thamostati, ambayo kwa uzoefu wangu ndiyo inayoongoza. Hiki ni kilango chenye nta ndani yake. Nta ikipata moto inatanuka na kufungua njia ya kwenda kwenye rejeta kubwa, kwa kawaida kati ya nyuzi 82 na 92. Kabla ya hapo maji yanatakiwa kuzunguka ndani ya injini na kwenye hita tu. Thamostati ikikwama wazi, hata upenyo mdogo, maji yanapita kwenye rejeta kubwa tangu mwanzo na upepo wa safari unayapoza. Petroli inaweza kuvumilia hilo kwa sababu ina joto la kutupa. Dizeli haiwezi.

Usiuamini sana mshale wa joto. Kwenye magari mengi ya kisasa mshale hulala katikati kuanzia karibu nyuzi 75 hadi zaidi ya 100, ili dereva asipate wasiwasi. Tumia kisomeo kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani na kusomwa kwa simu. Kinakuonyesha joto halisi la maji. Endesha dakika 20 au zaidi kwenye barabara iliyonyooka. Injini isiyo na kasoro itapanda na kutulia karibu na namba ya thamostati yake. Ikikwama 65 au 70, au ikishuka ukiwa kwenye mteremko au mwendo wa kasi na kupanda tena ukisimama kwenye foleni, thamostati imekwisha. Wakati mwingine kompyuta yenyewe huandika kosa P0128, maana yake ni kwamba maji hayafiki joto linalotakiwa.

Huna kisomeo? Tumia mkono. Washa gari likiwa baridi, endesha kilomita mbili, simama, zima injini, gusa rejeta kubwa na hozipaipu zake. Rejeta inatakiwa kuwa baridi bado. Ikiwa imeanza kupata uvuguvugu sawasawa na injini, maji yanapita yasipotakiwa kupita. Nasema zima injini kwa sababu feni ya rejeta inaweza kujiwasha yenyewe, nayo haichagui kidole.

Ukishaitoa, ihakikishe kabla ya kuitupa: itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayopashwa pamoja na kipimajoto, uone inafunguka nyuzi ngapi. Namba huwa imegongwa kwenye chuma chake. Nanunua thamostati yenye joto lile lile la asili. Kuweka ya nyuzi za chini eti "injini isichemke" ni kujiongezea baridi.

Ikiwa joto la maji ni zuri na bado ndani kuna baridi, tafuta hozipaipu mbili zinazoingia ukutani kati ya injini na chumba cha abiria. Injini ikiwa moto na hita imewekwa kwenye joto la juu, zote mbili zinatakiwa kuwa za moto, moja ikiwa nyuma kidogo. Moja ikichoma na nyingine ikiwa baridi, rejeta ndogo imeziba. Mara nyingi nakuta aliyewahi kumwaga dawa ya kuziba mivujo, au aliyechanganya antifrizi zisizopatana zikaganda. Zote mbili zikiwa baridi wakati injini inachemka, fikiria hewa, valvu ya hita kama ipo, au pampu ya maji ambayo mapanga yake ya plastiki yamechakaa. Zote zikiwa za moto na hewa inatoka baridi, rejeta haina kosa: kilango cha kuchanganya hewa ndani ya dashibodi hakisogei, au mota yake ndogo imekufa. Hewa ikitoka ya moto lakini kwa unyonge, badilisha filta ya hewa ya ndani. Filta za namna hiyo nimezitoa zikiwa zimejaa majani hadi feni inalia.

Hita ya ziada unaweza kuwa nayo na huijui

Dizeli nyingi zilizotengenezwa kwa masoko ya nchi za baridi zina hita ya umeme iliyowekwa kwenye njia ya hewa, mara baada ya rejeta ndogo. Ni vipande vya kauri vinavyopunguza umeme vyenyewe vikishapata moto, kwa hiyo haviungui. Nguvu yake ni kilowati moja hadi 1.8 hivi. Haikuchomi, ila inakupa hewa ya uvuguvugu ndani ya dakika ya kwanza au ya pili, wakati maji bado ni baridi. Gari la aina hiyo hiyo lililojengwa kwa soko la nchi ya joto huenda halina, na ukiagiza gari lililotumika ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa.

Namna ya kuijaribu hita hiyo: asubuhi ya baridi, washa injini, peleka joto hadi mwisho, feni nusu, elekeza hewa kifuani. Kama baada ya dakika mbili hewa bado ni ya friji na kitabu kinasema hita hiyo ipo, angalia fyuzi zake kubwa na relei. Hita ya kilowati 1.2 inavuta karibu amperi 90, kwa hiyo kompyuta huiwasha kwa awamu na kuizima betri ikidhoofika au alternata (jenereta inayochaji betri) ikilemewa. Alternata iliyochoka, au betri ya miaka mingi, inaweza kukunyima hita bila taa yoyote kuwaka. Nayo haifanyi kazi injini ikiwa imezimwa, wala hali ya hewa isipokuwa baridi ya kutosha, kwa hiyo usiijaribu mchana wa jua ukasema imekufa.

Kuna injini zilizotumia njia nyingine: hitaplagi (plagi za umeme zinazotoa joto) zilizochomekwa kwenye maji badala ya kwenye silinda. Na kuna magari yenye hita ya mafuta, kajiko kadogo kanakochoma dizeli na kupasha maji, kwa kawaida za kampuni za Webasto au Eberspächer. Kama gari lako linatoa moshi kidogo na mlio wa kuvuma karibu na gurudumu la mbele asubuhi ya baridi kali, usiogope, ni hiyo. Ikianza kutoa moshi mweupe mwingi na kuzimika, inahitaji kusafishwa.

Namna ya kuondoka asubuhi

Usafishe vioo kwanza, vyote, kwa kikwangulio. Maji ya moto kwenye kioo cha barafu yatakununulia kioo kipya.

Washa, funga mkanda, ondoka. Nusu dakika inatosha kwa oili kufika juu. Baada ya hapo joto linatokana na mzigo, na hapa ndipo madereva wengi wa dizeli wanapojinyima. Wamefundishwa kupandisha gia mapema, mizunguko 1,300 kwa dakika, ili wasile mafuta. Injini ikiwa baridi mimi nakaa kwenye gia ya chini kidogo, mizunguko 2,000 hadi 2,500, nikikanyaga kwa upole. Si kuikemea, injini baridi yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) haikemewi. Ni kuipa kazi ya kawaida bila kuibembeleza. Ukiwa na njia mbili za kwenda kazini, ile yenye kilima mwanzoni inapasha haraka kuliko ile ya tambarare yenye taa nyingi.

Feni iache imezimwa, au kwenye namba ya kwanza ikipuliza kioo cha mbele, mpaka maji yafike nyuzi 45 au 50. Kupuliza mapema ni kuchota joto ambalo injini bado inalihitaji, na wewe unapata hewa baridi ya kukupiga shingoni. Kama hita yako ni ya kujiendesha yenyewe, iweke kwenye AUTO na uiache. Imepangwa kufanya hivyo hivyo. Isipokuwa una ile hita ya umeme: hapo feni ya chini au ya kati tangu mwanzo ni sahihi, kwa sababu yenyewe haiibi kwenye maji.

Kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kinasaidia sana na watu hawakitumii. Hewa ya nje ni nyuzi 5 chini ya sifuri. Ya ndani, baada ya dakika chache na pumzi zenu, imeshapanda. Kuipasha ile ya ndani ni kazi ndogo. Tatizo ni ukungu wa vioo, kwa hiyo washa na kiyoyozi, ambacho hukausha hewa (karibu na nyuzi sifuri hujizima chenyewe), na mara kioo kinapoanza kufifia rudisha hewa ya nje. Kuona mbele kuna thamani kuliko vidole vya moto.

Washa kiti cha joto na waya za kioo cha nyuma. Kiti kinakula wati 50 hadi 100 tu lakini kinagusa mwili moja kwa moja, ndiyo maana unakisikia kabla ya hita ya kilowati kadhaa. Umeme huo unaibebesha alternata mzigo, alternata inaibebesha injini, na injini inachoma mafuta zaidi kidogo. Faida juu ya faida. Ila kama kila safari yako ni dakika kumi, betri itadai. Ichaji mara moja moja kwa chaja ya nyumbani.

La mwisho katika kuendesha: unganisha safari. Injini iliyozimwa kwa nusu saa bado ina joto jingi ndani yake. Safari tatu za kilomita tatu mfululizo zina baridi moja tu. Zikitawanyika siku nzima, zina tatu.

Kuongeza joto kutoka nje

Kama una soketi ya umeme pale unapoegesha, hita ya bloki ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Ni elementi ya wati 500 hadi 1,000 inayoingia kwenye bloki (mwili mkuu wa injini), au kwenye hozipaipu, au inayobandikwa chini ya sampo ya oili. Rudi kwenye hesabu yetu: wati 500 kwa saa mbili ni kilojuli 3,600, za kutosha kuipandisha injini ile nyuzi 45 kama hakuna kinachopotea. Kinapotea, karibu nusu kwenye upepo, lakini hata nyuzi 20 au 25 za bure unapowasha zinabadilisha asubuhi. Weka na saa ya kujiwasha saa mbili au tatu kabla ya kuondoka. Usiku kucha ni kuupasha uwanja. Waya uwe wa kustahimili mvua na uwe wa unene unaofaa, na usiuache chini ya gurudumu.

Hita ya mafuta ya kuegesha ni ghali zaidi lakini haihitaji soketi. Inatoa kilowati 4 hadi 5 na kuchoma zaidi kidogo ya nusu lita kwa saa ikiwa kwenye nguvu zote, kwa hiyo dakika 20 zinakutosha kukuta kioo kimeyeyuka na injini ina uvuguvugu. Inakula betri kwa feni na pampu yake, na kanuni ninayowapa wateja ni hii: dakika ulizoiwasha, uziendeshe. Mwenye safari ya dakika nane asiiwashe nusu saa kila siku. Iwashe pia mara moja kwa mwezi wakati wa joto, la sivyo mafuta yanazeeka ndani ya pampu. Na kamwe isiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa, kama vile injini yenyewe: moshi wake una monoksidi ya kaboni, haina harufu na inaua.

Usinunue zile hita ndogo za kuchomeka kwenye soketi ya sigara. Fyuzi ya soketi ni amperi 10 hadi 20, kwa hiyo kifaa hakiwezi kuzidi wati 200 hivi bila kuiunguza. Kwenye chumba cha gari lenye baridi hizo ni pumzi tu.

Kuhusu kadibodi mbele ya rejeta, nimeulizwa sana. Thamostati ikiwa nzima, maji hayapiti kwenye rejeta asubuhi, kwa hiyo unachozuia ni upepo unaopiga bloki. Kuna faida ndogo kwenye baridi kali. Lakini kadibodi inaziba pia kipoza hewa cha tabo, na aliyeisahau siku anapovuta tela kwenye kilima ataniletea gari kwa kamba. Kama kadibodi imekupa mabadiliko makubwa, hiyo ni dalili: rudi kwenye thamostati.

Kinachojificha nyuma ya hita baridi

Gari ambalo hita yake haipati moto ni gari ambalo injini yake haipati moto, na hapo hasara si vidole tu. Filta ya masizi ya dizeli hujisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la nyuzi 550 hadi 600, kazi ya dakika 10 hadi 20. Ili kupata joto hilo injini hunyunyiza mafuta ya ziada kwa kuchelewa, na ukizima kabla haijamaliza, sehemu ya mafuta hayo inakuwa imeteleza kwenye kuta za silinda na kushuka ndani ya oili. Safari fupi inayofuata inaanza upya, na inakatishwa tena.

Kwa hiyo mara moja kwa wiki itoe gari barabara kuu, nusu saa, mizunguko juu ya 2,000. Na kila ukijaza mafuta, vuta dipstiki. Kiwango cha oili kinachopanda badala ya kushuka, oili ikiwa nyepesi na yenye harufu ya dizeli, hakisubiri kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari: mwaga oili, weka mpya na filta yake, halafu ndipo uangalie kwa nini filta ya masizi haimalizi kazi.